Nchi Iliyojaa Ajira Pomoni

Kitendawili!

Mmeitikia tega? Haya, shikeni hiki: Ninaye rafiki, nikipika haondoki jikoni mpaka amekwangua ukoko, nikiugua ananiuliza, "Samahani, wewe ni nani?"

Wewe umesema paka. Si paka, paka ukiugua anakuja kukulalia miguuni. Wewe wa mlangoni umesema wifi. Mwanangu, ya kwako yaache kwako. Mmeshindwa, nipeni mji.

Haya, mmoja amenipa mji wa bandari, mwingine wa milimani, na huyu mchoyo amenipa mji usio na maji. Nimeiunganisha yote nimepata nchi nzima. Jina haina, maana nani amewahi kupewa nchi kwa kitendawili akapewa na hati yake? Nimeingia, nimezunguka, nimeona. Na jibu la kitendawili ni kadi ya bima ya afya ya huko. Tulieni niwaeleze, na asitokee mtu wa kusema nchi hiyo anaijua. Hamuijui. Mmenipa sasa hivi.

*

Nchi hiyo ilikuwa na shirika moja kubwa lililoitwa Shirika la Afya ya Wenye Kazi. Jengo lake lilikuwa refu mpaka ndege walilizunguka kwa heshima. Kila mfanyakazi alikatwa mchango kabla hajauona mshahara, kama bibi harusi anavyopitishwa kwanza kwa mashangazi. Siku hizo viwanda vilikuwa vinavuma: vya sabuni, vya magunia, vya viberiti. Watu walikuwa wazima, wachangiaji tele, wagonjwa wachache. Shirika likanenepa, likatoka kitambi.

Mkurugenzi wake Mkuu alikuwa Dakta Kishindo. Udaktari wake ulikuwa wa nini hakuna aliyejua. Sindano aliiogopa mno. Lakini kuhutubia alijaliwa. "Ndugu wananchi," alisema siku ya kufungua jengo, "mteja bora wa bima ya afya ni yule asiyeugua. Mgonjwa ni mteja aliyekosa shukrani." Watu wakapiga makofi. Walikuwa wazima, kwa nini wasipige?

Katika Hospitali Kuu, kwenye dirisha la mapokezi, alikaa kijana aitwaye Pandu, afisa wa Shirika. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unafanya kazi gani?" Hilo la "unaumwa nini" liliulizwa ndani, muda ukiruhusu. Pandu alikuwa na pamba mkononi. Kila aliyefika alimpangusa kipaji cha uso, kisha akainusa ile pamba. Nchi ile waliamini kuna jasho la kazi na jasho la homa, na afisa aliyesomea huyatambua kwa pua. Jasho la kazi lilipita. Jasho la homa lilirudishwa nyumbani likatafute kazi.

Nilimwona mtu mmoja ameletwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Ndugu zake wakasema, "Afisa, tazama anavyotikisika. Hajatulia tangu asubuhi."

"Ni kazi hiyo?" Pandu akauliza.

"Ni malaria."

"Malaria haina mwajiri," Pandu akasema. "Anayefuata!"

*

Sasa nawaleta kwa Sikudhani, maana habari hii ni yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa kiwanda cha viberiti, hodari wa kugundisha vile viboksi. Mikono yake ilinukia gundi hata akikanda maandazi. Mumewe, Shamte, alikuwa fundi mwashi hadi figo zake mbili zilipokataa kazi. Tangu hapo, kila baada ya siku chache ilimpasa alazwe kando ya mashine kule Hospitali Kuu, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe. Akikosa mara moja, miguu ilivimba ikawa kama mihogo ya mvua. Akikosa tena, pumzi ilikatika. Akikosa zaidi ya hapo, mashekhe wangeitwa. Kadi iliyomlipia ilikuwa ya Sikudhani, na Sikudhani alikuwa na kadi kwa kuwa alikuwa na viberiti.

Kisha serikali ikaruhusu viberiti vya gesi kutoka ng'ambo, vya plastiki, vya kila rangi. Mwenye kiwanda akawakusanya wafanyakazi uwanjani akawapongeza. "Nimewapa likizo," akasema, "isiyo na usumbufu wa kurudi."

Siku ya mashine ilipofika, Sikudhani akamshika mumewe mkono wakaenda.

"Shikamoo mama. Unafanya kazi gani?" Pandu akauliza.

"Marahaba mwanangu. Nimemleta mzee, leo siku yake."

"Mama, sijauliza nani anaumwa."

"Nilikuwa kiwanda cha viberiti."

"Ulikuwa." Pandu alilirudia neno hilo kama mtu aliyeokota unywele kwenye wali.

"Si unanijua, Pandu?"

"Nakujua sana. Na mzee namjua, ndiye aliyetujengea ukuta wa uani. Lakini kadi haikujui." Akaiweka kadi juu ya kidude chake, kidude kikawaka taa nyekundu. "Unaona? Imelala."

"Iamshe basi, baba."

"Kadi huamshwa na mwajiri. Mimi nikiiamsha, nitalazwa mimi."

Shamte, kutoka kwenye benchi, akapaza sauti yake iliyokauka. "Siku, muulize kadi imelala wapi na mimi nijisogeze. Inaelekea yenyewe imepata kitanda."

Watu wa foleni wakacheka, kisha wakajutia kicheko, maana kila mmoja alianza kuipapasa kadi yake mfukoni.

Aliyewaokoa siku hiyo ni nesi wa wodi ya mashine, Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayefukuza kuku. Alitokea mlango wa wafua shuka akamvuta Shamte shati. "Pita huku, kaka. Wakiniuliza nitasema nilikuwa naijaribu mashine. Lakini nisikufiche, mlango huu utazibwa. Wameshaanza kupima matofali."

*

Huko juu kwenye jengo refu hali nayo ilikuwa mbaya. Viwanda vikifungwa, wachangiaji walipungua. Wakipungua, Shirika lilikonda. Na waliokosa kazi, kwa mawazo na njaa, wakaanza kuugua, tena kwa bidii ambayo hawakuwa nayo walipokuwa kazini. Presha, vidonda vya tumbo, usingizi kukimbia. Shirika likajikuta lina wagonjwa wengi kuliko wazima, kama shughuli iliyokuja wageni kabla ya wapishi.

Mtu wa kawaida angesema: watafutieni watu kazi. Dakta Kishindo hakuwa mtu wa kawaida. Alikwenda kufanya utafiti katika hoteli mbalimbali za ufukweni, akarudi amepata rangi nzuri, akaita mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "nimechunguza nimegundua. Wananchi hawajakosa kazi. Wanazificha! Mtu ana kazi yake nzuri, anaifungia kabatini ili asichangie. Kuanzia leo Shirika litaajiri wahakiki. Watapita nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu anafanya kazi gani. Na hao wahakiki tutawatoa wapi? Kwa wasio na kazi!"

Makofi yakapigwa mpaka mtu mmoja akateguka kiganja, akapelekwa kwa Pandu, akarudishwa.

Mhakiki alipewa kizibao cha njano, kofia, na mshahara. Mshahara ulikatwa mchango, na mchango uliiamsha kadi. Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Aliporudi nyumbani amevaa njano, Shamte alikaa wima kitandani.

"Mheshimiwa mhakiki," akasema. "Na mimi utanihakiki?"

"Nyamaza, kesho una mashine. Tunapitia dirishani, kama watu."

"Kazi yenyewe ni kufanya nini?"

"Kuuliza watu wanafanya nini."

"Wakisema hawafanyi kitu?"

"Nawapa kizibao."

Shamte akafikiri. "Halafu na wao waende kuuliza wengine?"

"Shamte, kadi imeamka. Usianze kuwa na akili leo."

Na kweli kadi ilikuwa imeamka, taa ikawaka kijani, Pandu akasimama kwa heshima, damu ya Shamte ikasafishwa, miguu yake ikarudi kuwa miguu. Usimlaumu Sikudhani. Ungekuwa wewe ungevaa vizibao viwili.

*

Basi njano ikaenea. Kila aliyekutwa amekaa aliajiriwa asimame. Ikafika mahali mhakiki anabisha hodi, anafungua mhakiki.

"Unafanya kazi gani?"

"Nahakiki. Na wewe?"

"Nakuhakiki wewe."

Wakapeana mikono, wakaagana, kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Na kwa kuwa kizibao kililipa vizuri kuliko kazi, wenye kazi nao wakaja. Mwoka mikate akaja, mikate ikaadimika. Mwalimu akaja, watoto wakabaki wanafundishana vita. Fundi wa mabomba akaja. Mpaka mchimba makaburi akavaa njano, na wazee wakaanza kuona aibu kufa maana hapakuwa na wa kuwalaza.

Na mishahara ya wahakiki ilitoka wapi? Kwenye michango. Na michango ilitoka wapi? Kwenye mishahara ya wahakiki. Dakta Kishindo aliuita huo Mfumo wa Kujitosheleza. Mama mmoja muuza vitumbua aliuliza mkutanoni, "Dakta, hiyo si sawa na kula mkono wako ili ushibe?" Akapewa kizibao palepale, na swali likaisha.

Ila mzunguko huo ulikuwa unavuja, maana jengo refu nalo lilikula, na lifti yake, na hoteli za utafiti. Ili usikauke, Shirika likaacha kulipa kitu kimoja tu kidogo, ambacho Dakta Kishindo alikiona hakihusiani sana na bima ya afya. Liliacha kulipa hospitali.

Nawategea kingine cha pembeni: Nyumba yangu mabawabu tele mlangoni, ndani hamna mwenyeji. Msihangaike, ni hiyo hospitali. Dirishani Pandu sasa alikuwa na wasaidizi na wahakiki wa wasaidizi, pamba za kutosha, taa za kijani zikimeta. Ukivuka hapo unakuta vitanda vinatazamana. Manesi wameondoka, wamevaa njano. Daktari wa mifupa ni mhakiki wa kata. Mgonjwa wa jino anang'olewa na mgonjwa wa tumbo, naye anamlipa kwa kumkanda tumbo.

Wodi ya mashine peke yake ilikuwa hai, kwa sababu Mwanahawa hakuondoka.

"Nesi, umekataa kizibao kwa nini?" Sikudhani alimuuliza siku moja, huku Shamte amesinzia na mashine inakoroma kando yake. "Mshahara hupati."

"Sheria yao nimeisoma. Mhakiki haruhusiwi kushika anachokihakiki. Nikivaa, hii mashine namwachia nani? Pandu aje ainuse?"

"Unakula nini sasa?"

"Mnaniletea ninyi. Jana muhogo, leo muhogo. Mwambie mumeo apande hata kunde." Akarekebisha mrija mmoja, akatazama kizibao cha Sikudhani kisha akatazama pembeni. "Sikusemi wewe, dada. Nyumba yako naijua."

Lakini Sikudhani hakukiangalia tena kizibao kile kwa jicho lilelile.

*

Sasa sikilizeni, maana hata bima ina bima yake. Kule ng'ambo walikuwepo wakubwa walioibeba bima ya Shirika, nao walikuwa wametuma neno: tutakuja, tukikuta nchi nzima ina ajira, tutaleta fedha za kuliinua Shirika, tukikuta hata mmoja hana, basi. Dakta Kishindo akatangaza Sikukuu ya Ajira Kamili. Bendi ikafanya mazoezi. Mbuzi wa mjini wakavalishwa vizibao, kwa tahadhari.

Wahakiki wakahakiki nchi, wakarudi na jibu moja. Ukiwatoa watoto na wagonjwa, amebaki mtu mmoja tu asiye na ajira. Halipwi na yeyote, hana kizibao, hana kadi. Yumo Hospitali Kuu, wodi ya mashine.

Dakta Kishindo akamwita Sikudhani ofisini kwake, akamkaribisha kwenye kiti laini kiasi kwamba magoti yake yalipita kidevu.

"Mama, mtaa wa hospitali ni wako. Kesho nitawaleta wageni wodini na nitakuuliza mbele yao: huyu mwanamke anafanya kazi gani? Wewe utajibu: hana kazi, ni mzururaji. Polisi watamtoa kwa adabu, maana mzururaji hahesabiwi, na nchi itakuwa imekamilika."

"Na mashine, mheshimiwa?"

"Mashine ipo. Haiendi popote."

"Nani ataiendesha?"

"Mama, hilo ni swali la kitaalamu."

"Na mume wangu?"

Dakta akatabasamu kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajawahi kuingia wodini. "Mumeo ana kadi. Kadi yake iko macho. Anahofu nini?"

"Nikijibu vingine?"

"Utavua. Kadi italala, na dirishani hatapita tena. Lakini hutajibu vingine. Una mgonjwa."

Sikudhani alitembea kwenda nyumbani, akasahau hata kununua chumvi. Alipokuwa anapika alimweleza mumewe yote. "Nikisema ndiyo, una kadi na huna nesi. Nikisema hapana, labda nesi atabaki, lakini wewe utafia getini ukimtazama kwa dirisha. Niambie nifanye lipi."

Shamte aliutazama uji mpaka ukaanza kufurika.

"Usiniulize mimi," akasema hatimaye. "Jambo hili mimi nina upande."

Akacheka kidogo. Sikudhani hakucheka. Wakala uji bila chumvi, na hakuna aliyelalamika.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya Shamte ya mashine, na Dakta Kishindo akaona ni heri, wageni wataona mteja aliyehudumiwa. Bendi ikabaki uani inapiga. Wageni wakaingia wodini, wamevaa suti nzito, wanajipepea kwa kofia zao. Nyuma yao Pandu, na pamba yake, kwa heshima ya siku. Shamte alikuwa amelala chali, mirija mkononi, damu yake inatoka na kurudi. Mwanahawa alikuwa amesimama kichwani pake na hakugeuka.

"Waheshimiwa wageni," Dakta Kishindo akaanza, "katika nchi hii hamna mtu aliyekaa. Mkimkuta amekaa, anahakiki kiti." Mkalimani akatafsiri, wageni wakatikisa vichwa. "Lakini leo tumesikia uvumi kwamba yupo mmoja asiye na ajira. Sisi hatufichi. Mhakiki wa mtaa yupo hapa. Mama Sikudhani, sogea. Waambie wageni: mwanamke huyu anafanya kazi gani?"

Sikudhani akasogea. Akaitazama mirija mkononi mwa mumewe.

Polisi wawili waliokuwa mlangoni wakajiweka sawa.

"Jibu ni fupi, mama," Dakta akasema kwa tabasamu la pembeni.

Mashine ikalia. Mlio mkali, kama mtoto aliyebanwa kidole. Mwanahawa akainama, akakunjua mrija uliojikunja, akagonga kitu kwa ukucha, mlio ukanyamaza. "Samahani mheshimiwa," akamwambia Dakta Kishindo, "sogea hapo, unanikanyagia waya."

Dakta akasogea upesi, wageni wakamwona. Mkalimani hakujua kama hilo nalo atafsiri.

"Mama Sikudhani," Dakta akasema, sasa tabasamu limemtoka, "wageni wana ndege ya kuwahi. Nchi nzima inakusubiri wewe. Kuna watu huko nje, na watoto wao, wanakula kwa sababu ya hicho kizibao. Sema tu."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuwa zito. Aliwafahamu. Wengi wao aliwavisha yeye kwa mikono yake, majirani, wenzake wa viberiti. Mlangoni Pandu alikuwa anatazama sakafu, anaisokota pamba.

Mkono wa Shamte ule usio na mirija ulitambaa juu ya shuka, ukashika pindo la kizibao cha mkewe, halafu ukaliachia, kama mtu aliyekumbuka kwamba aliahidi kutoingilia.

Sikudhani akafungua vifungo. Akakivua kizibao, akakikunja vizuri kama mtu anavyokunja kanga ya kutokea, akakiweka chini ya kitanda. Bendi huko nje ilikuwa imefika kwenye kipande chenye matarumbeta.

"Mama, nauliza kwa mara ya mwisho," Dakta Kishindo akasema. "Huyu mwanamke anafanya kazi gani?"

"Kazi yake," Sikudhani akajibu, "ni kunizuia nisiwe mjane."